Mdai wa Brunnenstraße

Mama alikuja na ukwaju. Alikuwa ameuloweka tangu usiku, ameutia kwenye kopo la jemu, na vipande vya kanga kuukuu amevifunga juu ya kifuniko kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba huku macho yake yakiwa kwenye milango, akitafuta namba 193. Ilikuwa tarehe 9 Novemba 2018, mchana wa baridi ile ya Berlin isiyo na theluji wala jua.

Siku hiyo kila mwaka wakazi wengi wa Berlin hutoka na matambara kwenda kusugua mawe ya kumbukumbu yaliyo mbele ya nyumba zao. Ni kumbukumbu ya usiku wa 1938, masinagogi yalipochomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa. Mawe yenyewe, Stolpersteine, ni ya msanii Gunter Demnig: kila moja lina upana wa sentimita 10 hivi, uso wake bamba la shaba ya njano, limepachikwa njiani mbele ya nyumba ambayo mtu alikaa kabla Wanazi hawajamchukua. Mengi ni ya Wayahudi. Lile la Brunnenstraße 193, lililowekwa mwaka 2007, ni la mtu wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa 1904, alikamatwa 1941, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Berlin ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Mama si mama yangu wa kunizaa. Ni mtu wa Unguja, alifika Berlin Mashariki mwaka 1971 kusomea uuguzi, zama zile Zanzibar na Ujerumani Mashariki zilipokuwa chanda na pete. Akaolewa, akazaa, akastaafu hukohuko. Mimi nilikuwa mwanafunzi, jioni nahudumu mezani kwenye mkahawa mmoja ambao mwenyewe alikuwa hajanilipa mshahara wa miezi miwili. Tulijuana msibani, kama Waswahili wengi wanavyojuana ughaibuni.

Alipiga magoti juu ya mfuko wa plastiki, akachota ukwaju kwa vidole, akaanza. "Kwetu mabirika ya kahawa hayaoshwi kwa dawa ya dukani," akasema. Nami nikasugua upande wangu. Weusi ulitoka polepole, kwanza tarakimu, halafu jina.

Alikuwa anaujua mtaa ule vizuri kuliko nilivyodhani. Katikati yake, kwenye makutano na Bernauer Straße, ndipo ulipopita Ukuta wa Berlin, ule ulioutenga mji Mashariki na Magharibi. Kituo cha treni cha Rosenthaler Platz, tulichoshukia saa ile, kilikuwa kimezibwa miaka yote ya Ukuta. Treni za Magharibi zilipita chini ya ardhi ya Mashariki bila kusimama, taa hafifu, jukwaani askari tu. "Nilikuwa nazisikia chini ya viatu vyangu," aliniambia. "Unasimama unangoja tramu, ardhi inatetemeka, na mlango wa kushukia hakuna." Kisha akakumbuka kuwa tarehe hiyohiyo, mwaka 1989, Ukuta ndio ulifunguka, naye usiku ule alikuwa zamu hospitalini, hakuona kitu.

Nilimwuliza alimjuaje marehemu. Akasema alisomewa na mwanawe habari zake, na kilichomshika haikuwa kifo chake, ilikuwa safari yake. Kwa sababu Husen hakuja Berlin kutafuta maisha. Alikuja kudai.

Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa mtoto, akapigana vita vya kwanza vya dunia upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Wajerumani wakashindwa, wakaondoka, na mishahara ikabaki hewani. Husen akafanya kazi kwenye meli, akashuka, na mwaka 1929 akatokea Berlin kwenye Wizara ya Mambo ya Nje kudai haki yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa, dirisha la madai limeshafungwa. Mtu katoka Dar es Salaam kwa bahari, anaambiwa amechelewa! Mama alisimulia hapo kwa hasira mpya kabisa, kama aliyetoka kaunta ile dakika tano zilizopita.

Basi akabaki. Akapata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, pale Potsdamer Platz. Hilo lilikuwa jumba la starehe la ghorofa kadhaa, dunia nzima chini ya paa moja: mkahawa wa Kituruki, baa ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na ukumbi wa mto Rhine ambamo mara kwa mara zilizimwa taa, ikaletwa radi na mvua ya bandia ili wateja washangilie. Katika biashara kama hiyo mhudumu Mwafrika alikuwa sehemu ya mapambo. Jioni sahani, mchana Kiswahili: alifundisha chuo kikuu kwa malipo madogo. Hakuwa wa kwanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, yule wa Bagamoyo aliyetuandikia desturi za Waswahili, alianza kufundisha Berlin mwaka 1900, akaoa Mjerumani, na alipotaka kurudi nyumbani na mkewe mwaka 1905 serikali ya koloni ikamzuia kushuka. Akafia Ujerumani, 1927. Hadi leo Chuo Kikuu cha Humboldt kinafundisha Kiswahili, si mbali na nyumba ya Husen.

Hapa ndipo tulipotofautiana. Mimi nilisema Husen ananikera. Aliigiza kwenye filamu nyingi, na ya mwisho, ya 1941, ilikuwa ya kumsifu Carl Peters. Peters yuleyule wa mikataba ya Usagara na Uzigua, aliyeitwa Mkono wa Damu, aliyefukuzwa utumishi na serikali yake mwenyewe kwa kunyonga watu Kilimanjaro. Husen aliigiza mkalimani wake. Wedding, kaskazini ya Berlin, kulikuwa bado na mtaa wa Petersallee, waliomtunukia Wanazi mwaka 1939. Watu walipolalamika, mwaka 1986 wakubwa wakaamua jina libaki ila mwenyewe abadilishwe: eti sasa ni Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Vibao vya Petersallee vilikuja kushuka 2024, kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee.

"Marehemu hasemwi hivyo," Mama akanikatiza.

"Sikumtukana, Mama. Nasema alijua anachokifanya."

"Alijua. Ana mke, ana watoto, kazi hana, kwao hakurudiki, na wenye nchi wamegeuka wanyama. Wangekwambia wewe uvae kilemba ushike upanga, ungevaa." Akanyamaza, akasugua. "Na wewe jioni unamvalia nani kile kizibao?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sijakubaliana naye kikamilifu. Husen si walii wala sitaki kumfanya walii. Alijitambia vita vyake, akaomba nishani ya wapiganaji, akanyimwa. Alimwoa mkewe, Mjerumani, mwishoni mwa Januari 1933, siku tatu kabla Hitler hajawa kansela. Kilichommaliza ni kuhusiana na mwanamke mzungu mwingine, jambo ambalo kwa Wanazi lilikuwa kosa kwa mtu mweusi. Agosti 1941 wakamkamata na kumpeleka Sachsenhausen bila kesi. Filamu aliyoigiza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka.

Mlango wa nyumba ukafunguka, kijana na baiskeli yake. Akatutazama, akatazama jiwe, akasema kwa Kijerumani kwamba ameishi ghorofa ya tatu siku nyingi na alidhani ni Mturuki. Mama akamweleza, kwa kile Kijerumani chake cha wodini kisichobembeleza mtu, kuwa alikuwa mwalimu wa lugha. Kijana akaomba afundishwe kulitamka jina. Akajaribu Mahjub, ikamshinda ile h. Akajaribu tena. Mama akamwambia yatosha.

Tulimrehemu kwa Fatiha, mimi nimesimama, yeye bado yuko magotini maana kunyanyuka kulikuwa na kazi. Nikamshika mkono. Tukaenda kunywa chai kwenye duka la mikate karibu na kituo, na huko, katikati ya maneno mengine, akaniuliza kama nimeshalipwa. Nikasema bado, mwenye mkahawa ananiambia mwisho wa mwezi.

"Mwisho wa mwezi gani?"

Kesho yake saa tano asubuhi tulikuwa mlangoni pa mkahawa, Mama mbele na pochi yake ya mkononi, mimi nyuma. Hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akaketi meza ya kati, akamwambia yule bwana kuwa amestaafu na hana haraka. Nililipwa mwezi mmoja siku ileile, taslimu. Ule wa pili sijauona mpaka leo.