Kilo Tatu na Robo za Sangara

Mwaka 2004 nilikuwa karani wa mauzo ya nje kwenye kiwanda kimoja cha kuchakata samaki Mwanza. Nilikuwa na miezi minne tu kazini. Samaki nilikuwa nawaona kwa dirisha. Zangu zilikuwa ankara, orodha za mizigo na faksi.

Siku moja ikaingia faksi kutoka Vigo, Hispania, mteja mpya kabisa. Kiingereza chake kilikuwa kifupi, ila oda ilieleweka: minofu ya sangara isiyo na ngozi, 3.250 kg, bei € 3,40 kwa kilo, jumla € 11.050.

Nikampelekea bosi. Akaitazama, akacheka.

"Hiyo sampuli. Wanataka kuonja kwanza. Na ona walivyo makini, mpaka gramu wameandika!"

"Sampuli si huwa hatuuzi, bosi?"

"Kama wanataka kulipa, wewe unakataa nini?"

Mkato kwenye bei niliuona. Nilidhani aliyechapa ameteleza kidole, maana kwenye kibodi nukta na mkato ni majirani. Nikamsahihishia kwa kalamu, 3.40, nikajiona muungwana. Kisha nikachukua kikokotoo kuhakiki: 3.25 mara 3.40, jibu 11.05. Imekubali! Hesabu ikikubali, karani anataka nini tena?

Nikashuka ukumbini kwa mzee wa mizani. Mizani yetu ilionyesha uzito kwa tarakimu nyekundu, tatu baada ya nukta, kwa hiyo 3.250 ilikuwa namba ya kawaida kabisa machoni petu. Mzee alipanga minofu mitatu, ikazidi. Akapunguza kipande cha mkiani kwa kisu, ikapungua. Akaongeza kijipande kama kidole gumba, akaondoa mkono polepole kama mtu anayemlaza mtoto. 3.250. "Haya, kijana. Mwambie Mzungu wako asije akasema nimempunja."

Boksi moja jeupe, barafu, cheti cha afya kizima kwa ajili ya boksi hilo moja, na nauli ya ndege ambayo ilizidi thamani ya samaki mara nyingi. Bosi alisaini akisema mteja hutafutwa kwa gharama.

Wiki iliyofuata faksi ikaja tena, safari hii kutoka kwa katibu muhtasi wa kule. Alishukuru. Alisema samaki wamefika salama, na wamewakaanga wakala pale pale ofisini, watamu sana. Halafu sentensi ya mwisho: wanasubiri kilo 3.246,75 zilizobaki.

Niliisoma namba ile nimesimama, nikaisoma nimekaa. Kwa hesabu niliyofundishwa mimi, namba hiyo haipo duniani. Mkato hutenga maelfu, nukta huja mwisho kutenga desimali. Hapa nukta imetangulia na mkato umefuata. Ndipo nikaivuta faksi ya kwanza na kuiona ile 3.40 niliyoisahihisha kwa kalamu yangu. Mkato wao ndio nukta yetu. Niliuona, nikaugeuza kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujiuliza basi ile nukta nyingine kwenye mstari huo huo ina kazi gani. Mhispania alitaka tani tatu na robo. Mimi nimempa kilo tatu na robo.

Hata kikokotoo hakikunidanganya. Nilikosea sehemu mbili kwa kiasi kile kile, uzito na jumla, zote mara elfu moja, kwa hiyo lazima hesabu ikubali.

Nilipokuja kulisoma jambo hili baadaye, nilikuta si Kihispania chote kilicho hivyo. Meksiko wanaandika kama sisi, nukta kwa desimali. Argentina na Chile wanafuata mkato kama Hispania. Na mwaka 2003, mwaka mmoja tu kabla ya aibu yangu, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulikuwa umeamua kwamba desimali iandikwe kwa nukta au kwa mkato, zote sawa, lakini maelfu yasitengwe kwa chochote ila nafasi tupu. Kwa sheria hiyo, Vigo walikosea na Mwanza tungekosea vilevile. Lakini hilo huwezi kumwambia bosi aliyeshika risiti ya nauli ya ndege.

Hakufoka. Aliniuliza tu, "Na ile 3.40 nani aliandika kwa kalamu?" Nikasema ni mimi. Akanirudishia karatasi.

Nikaomba Vigo waandike oda upya kwa maneno, wakaandika. Nikashuka tena ukumbini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzungu kasemaje?"

Nikamweleza, nikampa karatasi: kilo elfu tatu mia mbili arobaini na sita, na gramu mia saba na hamsini. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma yote, akanitazama.

"Na hizi gramu mia saba na hamsini, leo nazo nikate kwa kisu?"