Jangwa la Swakopmund linataka sweta: nilivyolizunguka bila ushauri wa kaka wa ofisini

Kabla sijasafiri, kila mtu aligeuka mtaalamu wa Namibia. Kaka mmoja wa ofisini kwetu, aliyewahi kwenda semina Windhoek, mji mkuu wa huko, na kukaa hotelini mwanzo mwisho, alinipa orodha kabisa: beba magauni mepesi, jangwani ni joto, alfajiri nenda ukaone jua likichomoza kwenye yale makorongo yanayoitwa Moon Landscape, tuta la mchanga lipande saa sita mchana picha zitoke vizuri, jioni kodi zile pikipiki za magurudumu manne. Naandika haya kwa sababu hakuna hata kimoja kwenye orodha ile kilichofaa, na nasikia bado anawagawia watu.

Wifi yangu anafanya kazi Windhoek. Tulishuka naye hadi Swakopmund, mji wa pwani, kwa gari dogo la kukodi, kilomita kama 360 za lami, nchi ikizidi kukauka kadiri tulivyokaribia bahari, mpaka ikabaki changarawe tupu pande zote. Halafu, mji hatujauona bado, tukaingia kwenye ukungu. Wifi akawasha taa. Mimi nina blauzi ya mikono mifupi.

"Wifi, hili ndilo jangwa lenyewe?"

"Ndilo hilo. Kuna sweta yangu hapo nyuma, vaa."

Bahari ya kule si yetu hii ya kuogelea mwezi wowote. Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, hewa inayopita juu yake inapoa na kuwa ukungu, na ukungu ule unaingia nchi kavu usiku na kukaa hadi saa nne au saa tano asubuhi. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 20 tu, kiasi ambacho Dar kinashuka kwa mvua moja ya masika, kwa hiyo wadudu na mimea mingi ya pale huishi kwa huo ukungu. Ukishaondoka, mchana upepo wa kusini magharibi unaamka. Ukungu asubuhi, upepo mchana. Mtu ukilijua hilo tu, ratiba inajipanga. Hakuna aliyeniambia.

Basi asubuhi ya kwanza tukaamka saa kumi na moja kwa ajili ya lile jua la kaka wa ofisini. Chai kwenye chupa, mablanketi ya nyumba ya wageni mabegani, wifi analalamika tangu anafunga mkanda. Tukaendesha kuelekea ndani, barabara ya changarawe, vioo vinatoa maji. Tulipofika kwenye kibao cha mahali pa kutazamia kulikuwa na gari jingine, wazee wawili wa Kizungu wamesimamisha kamera kubwa kwenye miguu yake mitatu, wanaingojea dunia ijitokeze. Tukasimama nao ukingoni. Kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita. Nilijua mbele yangu kuna makorongo yaliyochimbwa na mto Swakop kwa mamilioni ya miaka, lakini nilichokuwa nakiona ni vidole vya miguu yangu. Wifi akanipiga picha nikiwa nimeshika kikombe. "Nzuri hii," akasema, "tuwaambie nyumbani tuko Lushoto." Mzee wa kamera alipoanza kukunja vyuma vyake bila neno, na sisi tukageuza gari.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na hili najisifu nalo hadi leo. Kule ndani bondeni mwa mto kuna mgahawa wenye vyumba vya wageni, na mgahawa una simu. Nikamwambia wifi: kwa nini tuendeshe kwenda kuangalia kama kuna ukungu wakati kuna mtu amelala hukohuko? Wifi kashaokota Kiafrikana cha kazini. Akapiga. "Samahani mama, huko kwenu jua limetoka?" Yule mama alicheka sana siku ile. Baadaye akawa anapokea na kujibu kabla ya salamu: bado, au njooni. Tukabaki tunakunywa chai kitandani wakati magari ya watalii yanapotelea kwenye weupe.

La pili, tuligeuza safari. Wengi wanaanza na Moon Landscape kwa kuwa ndiyo ya karibu, kisha wanaendelea. Sisi tulikwenda mwisho kabisa kwanza, kwenye ile mimea ya jangwani iitwayo Welwitschia, tukawa tunarudi pwani taratibu, na makorongo tukayafikia saa kumi jioni, jua limelala, kila mgongo wa jiwe una kivuli chake. Saa saba mchana mahali palepale ni bapa, hapana kitu. Njia nzima ina mawe yenye namba yanayoonyesha pa kusimama. Kibali cha kupita mbugani, maana ile ni hifadhi ya Namib-Naukluft, mnachukua ofisi ya wizara ya mazingira palepale mjini.

Welwitschia yenyewe msitarajie uzuri. Ni rundo la majani chini, umbo la mgomba uliochanwa na tufani ukasahauliwa. Ila yale majani yote ni mawili tu! Mmea unaota majani mawili, unakaa nayo maisha yake yote, upepo unayachana, na mingine imeshapita miaka 1,000 hivyohivyo. Umewekwa hadi kwenye nembo ya taifa lao. Nilipenda zaidi vile vijimea vilivyoganda juu ya mawe, vyeusi na vya kijivu, ukavu wa majivu. Mimina matone machache ya maji, inama, subiri. Vinafunguka mbele ya macho yako na kuwa kijani. Nilimaliza nusu ya maji yetu ya kunywa kwa mchezo huo. Na hapohapo ndipo utakapoelewa kwa nini hawataki magari yatoke barabarani: kuna mahali alama za magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe ya zamani bado zinaonekana ardhini. Hizo pikipiki za magurudumu manne zina maeneo yake maalumu. Mimi sikuzipanda, sikuona sababu ya kulipia kelele.

Kitu cha kulipia ni ziara ya asubuhi ya kutafuta viumbe wa kwenye matuta. Kwa hela yetu ilikuwa laki na ushee, ghali, lakini ningelipa tena. Kijana aliyetupeleka aliendesha huku kichwa kiko nje ya dirisha, anasoma mchanga. Asubuhi upepo haujafuta nyayo, ndiyo maana ni asubuhi. Alisimama mahali ambapo mimi niliona mchanga tu, akapiga magoti, akachimba kwa kiganja, akatoa mjusi kafiri. Huyu si wa ukutani kwetu. Ngozi inaangaza, unaona hadi vivuli vya matumbo, miguu ina utando wa bata ili asizame mchangani, na macho hayana kope, kwa hiyo anayafuta kwa kuyalamba. Kijana alimshika akiwa amemkinga na jua kwa mwili wake, kisha akamrudisha na kumfukia. Wifi, ambaye nyumbani mjusi kafiri akitokea anahama chumba, aliomba kumwona tena.

Akatuonyesha nyoka wa ukoo wa kifutu, mdogo, amejizika wote, yamebaki macho tu kwa kuwa yako juu ya utosi. Ncha ya mkia huichezesha juu ya mchanga mijusi wadhani ni mdudu. Na kinyonga aliyejifanya mweusi kabisa ili alinase joto la asubuhi. Jua likipanda anageuka mweupe. Mbawakawa anayeinamisha kichwa juu ya tuta ukungu umwagikie mgongoni na kumtiririkia mdomoni tulisimuliwa tu, kwa kuwa siku hiyo anga lilikuwa safi, bila ukungu. Mama wa mgahawani alishasema "njooni" tangu saa moja.

Sasa kuteleza kwenye tuta la mchanga. Unapewa ubao mwembamba wa hadibodi, upande mmoja umepakwa polishi ya sakafu, ileile ya kung'arishia sebule. Unalala kifudifudi, unakamata kingo za mbele na kuzivuta juu usichote mchanga, viwiko nje, vidole vya miguu ndiyo breki. Wanakusukuma. Hakuna mashine ya kukurudisha juu, unapanda mwenyewe na ubao wako, na huo mlima wa pili ndio unaotenganisha watu. Chini alikuwepo mtu na kifaa cha kupimia mwendo, akapaza sauti: sabini na kitu! Mimi, mama wa watoto watatu. Wifi alishuka akiwa amekanyaga breki tangu juu, akafika chini akiwa amekaa. Siri yangu ilikuwa mtandio: niliuzungusha kichwani, puani na mdomoni, yakabaki macho na miwani. Wenzetu walitema mchanga hadi usiku.

Kuhusu tuta la Dune 7, lililoko nje ya Walvis Bay: lipandeni asubuhi, pekupeku, kwa kufuata mgongo wake, mkikanyaga nyayo za aliyetangulia. Msipande usoni moja kwa moja, kila hatua mbili inakurudisha moja. Sisi tulishashuka, tuko kivulini tunakula maandazi ya wifi, lilipofika kundi la vijana saa sita kamili. Walivua viatu chini, wakapanda usoni kwa mbio. Nusu ya njia wakaanza kurukaruka kama wanacheza ngoma, kisha wakashuka wanakimbia na nyayo zinawaka. Nilimkumbuka kaka wa ofisini.

Mjini penyewe, tulikuwa tunabishana bei ya samaki karibu na gati refu la chuma, mzee mmoja akageuka: "Hamjambo mabinti?" Kiswahili safi. Alikuwa Kongwa, Dodoma, kwenye kambi ya SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia, miaka ya sitini. Tukamwamkia shikamoo, akafurahi sana. Yeye ndiye aliyetuonya kuhusu upepo wa mashariki: Juni hadi Agosti kuna siku unavuma kutoka ndani, joto linapanda ghafla wakati ni majira ya baridi, mchanga unafunika barabara. Siku hiyo kaeni ndani. Akatuelekeza pia makaburi ya pembeni mwa mji, vijilima vidogo visivyo na majina, walikozikwa Waherero waliokufa kwenye kambi ya Wajerumani kati ya 1904 na 1908. Miaka ileile kwetu ilikuwa Majimaji. Nendeni. Zile nyumba nzuri za Kijerumani mnazopigia picha mtaziona tofauti mkirudi.

Sandwich Harbour, ambapo matuta yanaingia baharini, gari dogo sahau. Ni Land Cruiser na dereva anayejua, sisi tulilipa laki tatu hivi kwa mtu, na saa ya kuondoka inapangwa na kupwa kwa maji, si na wewe. Wakikuambia siku hiyo haiwezekani, usibembeleze, kuna mahali gari linapita katikati ya tuta na wimbi na nafasi ni ya gari moja. Dereva alipunguza upepo wa matairi, akapanda tuta, akasimama ukingoni, gari likachungulia chini. Wifi alishuka akasema atatembea. Mimi nilihamia kiti cha mbele.