Kitovu changu, kamba ya makuti na basi la Mombasa

Bibi yangu hupenda kuhadithia kisa cha kitovu changu kila wageni wakija kwetu Langoni, Lamu. Eti kilianguka vizuri, kisha kikaanza kutona damu. Si nyingi: leo kitambaa, kesho kitambaa, mpaka nikakimbizwa hospitali nikatiwa damu, ikakoma. Watu hucheka. Nami nilikuwa nikicheka, mpaka zilipotoka mimba tatu.

Ya kwanza walisema jicho. Ya pili, jini. Ya tatu sikumwambia mtu. Vipimo vya kuganda kwa damu vilirudi safi kila mara, nikaambiwa nipumzike.

Daktari mmoja wa Mombasa ndiye aliyeniuliza: "Ulipozaliwa, kitovu kilikauka salama?" Nikacheka, nikamhadithia kama bibi anavyohadithia. Yeye hakucheka.

Ugonjwa ukapata jina: upungufu wa faktori 13, protini inayofunga damu iliyoganda isiachie. Damu yangu huganda kwa wakati wake, ndiyo maana vipimo vya kawaida havikuona kitu. Kasoro iko mwisho kabisa. Makuti yamepangwa paani lakini hayakufungwa kamba. Kusi ikivuma, yanaruka. Na kondo la nyuma linaitaka kamba hiyo hiyo ili lishike. Baba na mama ni watoto wa ndugu. Kila mmoja alibeba kasoro moja bila kuumwa, mimi nikarithi zote mbili. (Bibi, najua ni wewe uliyeposa. Sikulaumu.)

Mimba ya nne nilianza dripu ya faktori hiyo kabla tumbo halijaonekana. Boti ya alfajiri hadi Mokowe, kisha basi, kila wiki 3. Nilitapika Witu, nikatapika Garsen, kondakta akanizoea akawa ananiwekea mfuko kabla sijaomba. Faktori hii hukaa mwilini muda mrefu, hivyo asiye na mimba hutosheka na kila wiki 4 hivi, ila mimba huishusha. Dawa yenyewe hutolewa kwenye damu za watu waliojitolea, hugandishwa kwenye friza, na ikiyeyushwa ina rangi ya samli.

Miezi saba, mgongo ukaniuma, nikaingia kliniki moja ya karibu. Kabla sijamaliza maelezo nimeshachomwa sindano ya paja. Siku hiyo sikuona kitu. Kesho yake paja limevimba kama boga, jeusi. Tangu hapo natembea na karatasi ndani ya buibui: hakuna sindano ya msuli, hakuna aspirini, hakuna diklofenaki.

Nilijifungulia Mombasa, dripu ikiwa imeshaingia, dawa ya traneksamiki, ya kuzuia damu kutoka, mkononi mwa nesi. Hawakumvuta mtoto kwa mashine yoyote. Hata niliporudi nyumbani niliambiwa nihesabu pedi mpaka arubaini iishe, maana damu yangu hupenda kuchelewa.

Kitovu cha mwanangu kilianguka siku ya 7. Bibi alikesha usiku tatu na kurunzi ya simu, akikifunua kitambaa kila saa. Kikavu.