Karatasi ya mzee wa stoo

Mtihani ulitokana na herufi moja. Mwenzetu mmoja alikuwa anaomba mkopo, benki ikataka barua ya mwajiri, na ofisi ikaandika kwamba "kampuni inamdhamini sana mfanyakazi huyu". Aliyeandika alikusudia kusema inamthamini. Benki haikukosea: ikaleta fomu za udhamini, ikataka mhuri na saini ya mkurugenzi, na kwa siku kadhaa simu zikawa zinapigwa huku na huku kueleza kwamba tunampenda kijana wetu, lakini si kiasi cha kumlipia deni.

Meneja wetu alikuwa amefundisha sekondari kabla ya kuingia katika biashara ya maghala, na ualimu haukumtoka. Kikao kilichofuata alikuja na habari ameichapa kwenye karatasi. Mwaka 2009, msajili wa makampuni wa Uingereza alitakiwa kuandika kwamba kampuni iitwayo Taylor & Son imefilisika. Kumbukumbu zikaonyesha kwamba iliyofilisika ni Taylor & Sons, kampuni nyingine kabisa, nzima, yenye kazi zake. Wateja na wauzaji waliposikia wakaikimbia, ikaanguka kweli, na watu zaidi ya 250 wakapoteza ajira. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba msajili anawajibika.

"S moja," meneja alisema, akainua kidole. "S moja tu."

Mimi nilikuwa karani wa utumishi, na niliona kisa kile hakifanani na chetu hata kidogo. Yule ofisa wa Uingereza hakushindwa tahajia. Majina yote mawili yaliandikwa sawasawa. Alichokosa ni kuhakikisha anaandika habari za nani. Hakuna kamusi ambayo ingemsaidia. Lakini karani hamkatizi meneja kikaoni, basi nikanyamaza, nikapewa kazi ya kutunga mtihani, kuusimamia na kuusahihisha.

Ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza imla, kisha sentensi za kujaza viambishi ili ngeli zipatane, mwisho nusu ukurasa wa maelezo: "Eleza tukio la hatari uliloliona kazini." Kila kosa, nusu alama. Wangefanya wote, kuanzia wahasibu mpaka walinzi, na matokeo yangebandikwa ubaoni. Hilo la ubao halikutoka kwangu.

Siku ilipofika, wanaume wanaopanda rafu za chuma kwenda juu bila kushika popote waliingia chumbani wakiwa wapole kama watoto siku ya chanjo. Wengine waligundua wamesahau miwani nyumbani. Kisingizio cha miwani nakiheshimu sana. Mtu anaweza kufanya kazi miaka na miaka kwa miwani iliyosahauliwa: fomu inasomwa na jirani, saini inawekwa panapoonyeshwa kwa kidole, na hakuna anayejua. Nikawaambia wasio na miwani waniambie maelezo yao kwa mdomo, nitaandika mimi. Meneja alinitazama, lakini hakunizuia.

Nilisahihisha jioni, watu wamekwisha kuondoka. Nilianza kwa kompyuta, nikidhani nitaandika upya zile karatasi ili programu inionyeshe makosa. Haikujua Kiswahili. Ikapigia mstari mwekundu kila neno, yangu na yao, mpaka jina la kampuni. Nikarudi kwenye kalamu.

Baada ya karatasi chache nikaacha kuona makosa, nikaanza kuona masikio. Huyu kila penye l ameweka r, na penye r ameweka l, hakosei hata mara moja: "lipoti", "kurara", "balabala". Huyu hana h kabisa, "awajafika", "akuna", halafu anaipachika pasipohitajika, "hameanguka", kama mtu aliyeambiwa ana deni la h na hajui alipe wapi. Wengine dh, th na z kwao ni sauti moja. Wapo waliounganisha "kwasababu" na kutenganisha "nime sha mwambia". Na ngeli: "masanduku zilianguka", "kitabu yangu". Makosa ya kila mtu yalikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulitoka katika lugha au lahaja aliyoisikia kwanza maishani. Tahajia tunayoitetea ilisimikwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki, msingi wake ukiwa Kiunguja. Aliyekulia katika Kiunguja alipewa nusu ya mtihani kabla hajazaliwa.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Waliopata alama za juu katika maelezo ndio walioandika kidogo kuliko wote. Mmoja aliandika: "Sijaona hatari yoyote. Kazi inaendelea vizuri." Hakuna kosa. Alama zote. Mwingine aliyejaribu kueleza jinsi gari lilivyorudi nyuma na kumbana mtu mguu, nani alikuwa wapi, kelele ilitoka upande gani, alikatwa alama mpaka zikaisha, na bado hajamaliza kusimulia.

Ile hesabu niliifahamu. Ndiyo tuliyosomea. Mwalimu wa insha alikuwa akipunguza nusu alama kwa kila kosa, na sisi tulikuwa na akili: maneno machache, makosa machache. Kama huna hakika na "ghafla", andika "mara". Kama "dhoruba" inakutisha, sema upepo ulikuwa mkali. Tukamaliza shule tukiwa mahodari wa kukwepa, na walimu wakaandika kwenye ripoti kwamba tumeimarika katika lugha. Nadhani barua nyingi za maofisini, zile za "rejea mada tajwa hapo juu", zinatoka hapo. Siyo upendo wa urasimu. Mtu anashika fungu la maneno ambalo ana hakika halina kosa, halitoi mkononi.

Karatasi ya mzee wa stoo ilikuwa chini ya rundo. Alijaza kurasa zote mbili, mbele na nyuma, hakuna nukta kutoka juu mpaka chini, hakuna herufi kubwa ila moja katikati ya neno. Kwa hesabu ya nusu alama alikuwa ametoka sifuri akaendelea kushuka. Alieleza kuhusu rafu ya safu ya tatu. Kwamba foklifti ikiigusa inayumba. Kwamba wakati wa usiku, mzigo ukiwa mzito, unaisikia ikilia. Kwamba wao wenyewe walichonga kipande cha ubao wakakisukuma chini ya mguu wake, na ubao unahamahama. Alitaja zamu zilizoona, upande unaoinamia, na mzigo uliokuwa juu. Kisha, karibu na mwisho: "na nati zake zimeregea".

Hapo nikakwama. Asubuhi nikamwonyesha msimamizi wa zamu ile sentensi peke yake, nimefunika nyingine kwa mkono.

"Zimerejea," akasema. "Zilitolewa, zimerudishwa. Basi tatizo limekwisha."

Nikamwonyesha fundi. Akacheka. "Zimelegea hizo. Nenda kamwangalizie mzee wa watu hiyo rafu."

Wote wawili wanajua kusoma. Na kwa masikio ya watu wengi, "kuregea" linaweza kusimama upande wowote kati ya hizo mbili. Nikaenda stoo.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nimefeli?"

"Nimekuja kuuliza. Hizi nati zimerudi mahali pake, au zimelegea?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefeli. "Zingekuwa zimerudi ningeandika kurasa mbili za nini?"

Akanipeleka. Fundi alikuwa ametutangulia na spana, lakini spana haikutumika; nati ya kwanza aliizungusha kwa vidole. Ya pili pia. Akapiga filimbi kuzuia foklifti zisipite ile safu, na wakaanza kuteremsha mzigo.

Tukiwa tumesimama pale nikamuuliza kwa nini hakuandika haya kwenye daftari la zamu. Nililifahamu lile daftari, nilikuwa nikilipitia kila mwisho wa mwezi. Kila siku ya zamu yake mzee aliandika maneno mawili, kwa mwandiko mzuri, bila kosa: "Hali shwari."

"Daftari lile wanasoma wasomi," akasema. "Nikikosea watanicheka kabla hawajafika kwenye nati."

"Na kwenye mtihani?"

"Mtihani ni lazima ufeli. Sasa nikaona, kama nafeli, nifeli nimesema."

Nilipanda kwa meneja na ile karatasi mkononi na hotuba kamili kichwani. Nikamweleza juu ya insha na nusu alama, juu ya yule aliyepata zote kwa sentensi mbili, juu ya "hali shwari". Nilisema matokeo yakibandikwa, hakuna atakayeandika zaidi ya maneno mawili tena katika ghala hili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atakasirika, au atakubali. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Zimeregea," akasoma. "Usingeteremka kumuuliza, ingekuwaje?"

Nikanyamaza.

"Msimamizi angesoma zimerejea, angefunga daftari. Mzee angekuwa ametoa taarifa, kampuni imeipokea kwa maandishi, na rafu inaanguka. Unaniambia tahajia inawatia watu hofu, nakubali. Lakini usiniambie ni pambo."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu lililo kamili. Ninachojua ni kwamba tulikaa pale mchana wote na zile karatasi tukazipanga upya, sasa si kwa idadi ya makosa. Upande mmoja tukaweka makosa ambayo msomaji anayapita bila kupotea: "masanduku zilianguka" inakera sikio, lakini masanduku yameanguka. "Awajafika" hakuna atakayeisoma kuwa wamefika. Upande wa pili tukaweka yale yanayoweza kumpeleka msomaji kusikokusudiwa: dhamini na thamini, nati za mzee, sentensi moja ya mlinzi iliyosema "dereva wa mgeni aliyegonga geti ameondoka" ambamo haikujulikana aliyegonga ni nani, dereva au mgeni. Pia tarehe zilizoandikwa kwa tarakimu tupu, ambazo kila mtu huzisoma kwa mpangilio wake. Rundo la pili lilikuwa dogo sana, na ajabu yake, nusu yake ilitoka kwa watu wa ofisini. Meneja alilipitia mara mbili. Barua iliyoanzisha mambo yote haya iliandikwa ghorofa ya kwanza, na mtu mwenye shahada.

Matokeo hayakubandikwa. Barua zote zinazotoka nje zikawa lazima zisomwe na mtu wa pili ambaye hakuziandika, meneja mwenyewe akiwemo, na mara ya kwanza nilipomrudishia yake yenye "fulsa" alinyamaza kidogo kuliko nilivyopenda. Daftari la zamu likaachwa lisisahihishwe. Asiyeelewa kilichoandikwa aende kumuuliza aliyeandika, siku hiyohiyo. Meneja akaanzisha pia somo la saa moja kila Ijumaa kwa anayetaka. Hakuita somo la lugha, aliliita somo la ripoti. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na wachache kati yao miwani yao ilikuwa imepatikana.

Mzee alikuja mara chache, akakaa karibu na mlango. Nukta alizikubali upesi. Alisema zinampa nafasi ya kufikiri. Kwenye "kuregea" hakutikisika. Kwao ni kuregea, mama yake alisema kuregea, na hana mpango wa kumsahihisha mama yake. Alichofanya ni kuongeza maneno mawili mbele yake. Ukifungua daftari la miezi iliyofuata unakuta "bawaba za mlango wa nyuma zimeregea, yaani hazijakaza", kisha hadithi ndefu ya mlango, nani aliufunga kwa nguvu, na upepo ulitoka wapi. Na wengine wakaiga. Kabla mwaka haujaisha msimamizi wa zamu alipanda ofisini kulalamika kwamba taarifa zimekuwa ndefu mno, hana muda wa kuzisoma zote, na haiwezekani watu wakaambiwa wafupishe?