Mkokoteni wa Marikiti na kani zinazolingana

Watu wengi ninaozungumza nao kuhusu fizikia, wakiwemo waliopita mtihani wa kidato cha nne kwa alama nzuri, wanaamini kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa na nguvu inayozidi vizuizi vyake, na kwamba nguvu zikilingana kitu hicho husimama. Hatuwezi kuwacheka, kwa sababu Aristotle mwenyewe alifundisha kwamba mwendo hudumu maadamu yupo anayeusababisha, na fundisho hilo lilitawala kwa karne nyingi mpaka Galileo alipolitikisa na Newton akaandika kanuni zake za mwendo mwaka 1687. Kanuni ya kwanza inasema jambo ambalo macho hayaliamini upesi: kani zinazolingana, yaani nguvu za kusukuma au kuvuta zilizo sawa na zinazopingana, hazikisimamishi kitu, bali hukiacha katika hali kilichokuwa nayo. Kilichokuwa kimetulia kitaendelea kutulia, na kilichokuwa kinakwenda kitaendelea kwenda kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka.

Mpwa wangu aliposoma sentensi hiyo katika daftari lake aliniuliza, “Mjomba, kama kani zimelingana, mkokoteni unasongaje?” Naona hakuna mfano unaolijibu swali hilo vizuri kuliko huohuo mkokoteni, hasa ule unaotoka Soko la Wakulima la Nairobi, ambalo sote twaliita Marikiti, ukiwa umesheheni magunia ya viazi na kabichi.

Tuseme mkokoteni na mzigo wake una tungamo la kilo 300, na kwamba barabara ikiwa tambarare, ukinzani wa magurudumu dhidi ya lami ni nyutoni 90 (nyutoni ni kipimo cha kani). Mwenye mkokoteni anapoanza safari huinama, akakaza miguu na kusukuma kwa nyutoni 150. Hapo kani hazilingani: nyutoni 60 zinasalia upande wa mbele, na ukizigawanya kwa kilo 300 unapata mchapuko, yaani ongezeko la kasi, wa mita 0.2 kwa sekunde kwa kila sekunde. Baada ya sekunde 5 mkokoteni unakwenda mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole. Sasa mtazame mwenyewe: mgongo unanyooka kidogo, pumzi inatulia, na nguvu anayotoa inapungua hadi nyutoni 90. Kani zimelingana, na mkokoteni haukusimama. Unaendelea kwa mita 1 kwa sekunde kwa sababu hakuna kani iliyosalia ya kuuongezea kasi wala ya kuipunguza. Kazi yake yote kwenye tambarare ni kuufuta ukinzani. Ndiyo maana tairi likipungua upepo huona tofauti mara moja, kwa kuwa ukinzani unapanda, naye akibaki na nyutoni zake 90, mzigo unaanza kupungua kasi mpaka usimame.

Nairobi, hata hivyo, si tambarare. Anayetoka Marikiti kupeleka mzigo mtaa wa Ngara hulivuka bonde la Mto Nairobi: atateremka upande wa Kirinyaga Road, kisha aupande mlima ng'ambo ya pili. Chukua mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20. Sehemu ya uzito inayouvuta mzigo kuelekea bondeni ni takriban nyutoni 147, ukinzani wa magurudumu ni zile 90, na nyutoni 57 zinabaki bila wa kuzipinga. Hizo peke yake zinatosha kuutoa mkokoteni katika mwendo wa kutembea na kuufikisha karibu kilomita 17 kwa saa katika sekunde 20, huku kilo 300 zikimfuata mtu mgongoni.

Mkokoteni wetu hauna breki ya mkono wala ya mguu. Kinachotumika ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma, chini ya mbao. Mwenyewe, ambaye kwenye mteremko huwa mbele, huinua mishikio, sehemu ya nyuma ikashuka, na ule mpira ukaanza kukwaruza lami kwa sauti ambayo wenye maduka ya Kirinyaga Road wanaijua. Akiinua kiasi cha kuzalisha msuguano wa nyutoni 57, mkokoteni unateremka kwa kasi isiyobadilika. Akiinua zaidi, kani inayosalia inageukia nyuma na mwendo unapungua, akilegeza, unaongezeka. Hana kipimo chochote isipokuwa mikono na masikio yake, na kwa maoni yangu anaielewa hesabu hii kuliko wengi wanaoiandika ubaoni. Kwenye mlima wa Ngara vizuizi viwili vinaungana, nyutoni 147 na 90, na ndipo utaona vijana wawili wakiitwa kusukuma kwa nyuma.

Ndani ya matatu, yale magari ya abiria, mambo ni yaleyale, ila kasi ni kubwa na makosa yake ni ya hatari. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kubadilika kwenye Barabara ya Thika lina kani zinazolingana: msukumo unaotokana na injini unafutwa na ukinzani wa hewa na wa magurudumu. Abiria naye anakwenda kilomita 80 kwa saa, na hasikii chochote. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linapata kani ya kulirudisha nyuma, lakini mwili wa abiria hauipati mpaka kitu fulani kiufikishie. Hakuna aliyemrusha mbele. Ameendelea tu na mwendo aliokuwa nao. Kanuni za Michuki za usalama wa magari ya abiria, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilidai vidhibiti mwendo na mikanda kwa pamoja, na kifizikia vitu hivyo viwili ni jambo moja. Mtu wa kilo 60 akisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa katika sehemu ya kumi ya sekunde, anahitaji kani ya wastani ya nyutoni 13,300 hivi, zaidi ya mara 22 ya uzito wake. Mkanda huisambaza kani hiyo kifuani na kiunoni. Asiyeufunga ataipata kutoka kwa chuma cha kiti cha mbele, tena kwa muda mfupi zaidi, ambapo kani huwa kubwa zaidi.

Liko kosa moja ambalo hata walimu hulipitisha. Gunia linaukandamiza mkokoteni, na mkokoteni unalisukuma gunia juu kwa kani iliyo sawa. Wanafunzi huandika kwamba hizo ndizo kani zinazolingana. Sizo, kwa maana moja inautenda mkokoteni na nyingine inalitenda gunia, na kani za vitu viwili tofauti haziwezi kufutana. Zinazolingana ni mvuto wa dunia juu ya gunia na msukumo wa mbao juu ya gunia hilohilo. Ukitaka kuzitenganisha, ngoja gurudumu lidumbukie shimoni. Kwa muda mfupi mbao zinalisukuma gunia kidogo kuliko uzito wake, nalo linashuka kwa kuongeza kasi. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, mbao zinalisukuma kupita uzito wake, nalo linaruka. Muda huo wote, gunia na mbao zimesukumana kwa kani sawasawa, hata viazi vilipokuwa vikimwagika barabarani.