Taa ya kichwani ilinifichia mtaro

Kwetu Kapchorwa, mashariki ya Uganda, kijana mwenye miguu imara hutarajiwa akimbie. Stephen Kiprotich alipotwaa dhahabu ya marathoni kule London mwaka 2012, na baadaye Joshua Cheptegei naye akaanza kurudi na medali zake, kila mzazi alianza kumpima mwanawe kwa macho. Mimi nikanunua baiskeli ya milimani, ya mitumba. Mama hajanielewa mpaka leo.

Shida yangu ni muda. Nafanya kazi Mbale, na teksi inaponishusha Sipi giza limeshakaribia. Huku karibu na ikweta hatuna jioni ya kuvutavuta: mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na baada ya dakika kama ishirini huoni hata mkono wako chini ya migomba. Ama niendeshe usiku, ama niache.

Nikanunua taa sokoni. Kasha liliahidi lumeni 12,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), nikaifunga juu ya helmeti nikajiona nimemaliza. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Popote nilipogeuza kichwa mwanga ulikuwa umeshatangulia.

Wiki ya pili nikatumbukia kwenye mtaro wa kukinga maji, katikati ya shamba la kahawa la jirani. Kina chake ni cha goti, na mchana nilishauvuka mara nyingi tu. Usiku ule nilikuwa nautazama moja kwa moja, lakini nilichokiona ni udongo mwekundu, tambarare, safi kabisa. Mwenye shamba alikuja na tochi yake kuangalia ni ng'ombe wa nani kaanguka.

"Sikuuona, mzee," nikamwambia, bado nimelala juu ya baiskeli.

"Utauonaje, kijana wangu, na jua umelibeba utosini?"

Akaniambia nizime. Kisha akaishusha tochi yake usawa wa goti, na mtaro ukajitokeza mweusi tii, kila jiwe na kivuli chake. Akaipandisha hadi karibu na macho yangu, mtaro ukafutika. Akaishusha tena, kama anayemfundisha mtoto. Nikakumbuka kwamba wazee wote wanaopita njia zetu usiku hushika tochi chini, na sikuwahi kujiuliza sababu.

Sababu ni hii: taa inapokaa karibu na macho, kivuli cha kila kitu huangukia nyuma ya kitu chenyewe, mahali usipoweza kukiona. Na macho, hasa usiku, hupima shimo na jiwe kwa vivuli. Kuongeza lumeni hakusaidii, kunaongeza weupe tu.

Basi nikatafuta taa ya pili, ya kufunga kwenye usukani. Ile ya kichwani sikuitupa, kwa sababu usukani nao una upofu wake: kwenye kona kali unamulika migomba mbele yako wakati njia imeshakata kushoto. Kichwa kinaweza kuitazama kona kabla baiskeli haijageuka. Wengi ninaokutana nao huweka taa yenye nguvu kichwani. Mimi nafanya kinyume. Usukani una mwanga mpana wa lumeni kama 1,000 za kweli, na kichwa kina mwanga mwembamba wa nusu yake, usije ukavifuta vivuli vya taa ya chini.

Kuzielekeza kulinichukua jioni nzima uani. Nakaa juu ya baiskeli kwa mkao ule ule wa kuteremka, maana ukiwa umesimama wima utapotea. Mdogo wangu akapima hatua nane mbele akachomeka kijiti, na hapo ndipo katikati ya mwanga wa usukani pakatua. Taa ya kichwani inatua kama mita ishirini mbele. Mteremkoni nakwenda kilomita 20 kwa saa hivi, yaani mita tano na nusu kila sekunde, kwa hiyo mita ishirini zinanipa zaidi ya sekunde tatu za kuamua. Chini ya kibanio cha usukani nimezungusha kipande cha tyubu kuukuu, la sivyo kila jiwe linainamisha taa.

Kuhusu betri, nilitapeliwa na nikajua baadaye. Ile ya kwanza ilikuwa ya aina ya 18650, unene milimita 18 na urefu milimita 65, na iliandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Betri nzuri za umbo hilo huwa na kama 3,500. Niliiweka kwenye mizani ndogo ya duka: betri halisi ina gramu 45 au zaidi kidogo, yangu ilikuwa nyepesi kama pipi. Siku hizi natembea na ya akiba mfukoni. Tena kwenye mlima mkali napunguza mwanga mwenyewe, kwa kuwa mwendo wa polepole hauleti upepo na taa inapata joto.

Ukungu wa Mlima Elgon ukishuka, nazima ya kichwani mara moja. Inamulika matone yaliyo mbele ya pua na kunijengea ukuta mweupe. Ya usukani, iliyo chini zaidi, bado inaiona njia, na rangi yake ya kimanjano hainiumizi macho. Ya kichwani nainamisha pia ninapotoka alfajiri, maana barabara zimejaa wakimbiaji, na ukimmulika mtu usoni unamwacha kipofu kwa sekunde kadhaa. Yeye hakukutendea lolote.

Kitu kimoja tu sijakipatia dawa: kumbikumbi. Mvua ikikatika jioni wanaifuata taa ya kichwani kama harusi, na mdomo wangu uko hapo hapo chini yake. Watoto wa jirani wameshajua. Wananisubiri njiani na beseni la maji, wananisimamisha, wananiomba nilimulikie. Juzi nilichelewa nyumbani nusu saa, na mboga nikaenda nayo.