Gramu 249

Mdogo wangu anaishi Houston, Texas, na kila anapopanga kuja nyumbani hutuuliza mapema tunataka nini, kwa sababu hapendi kubahatisha zawadi. Katikati ya mwaka 2022, alipokuwa akijiandaa kuja Tanga kwa mapumziko ya Desemba, alinipigia simu akasema kwamba safari hiyo mimi hakuwa na haja ya kuniuliza, maana alikuwa amekwisha kuninunulia droni ndogo ya kujifurahisha, yenye kamera, ambayo mikono yake ikikunjwa inaenea kiganjani. Alijua pa kunipata. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi ubaoni ghuba ya Tanga, Kisiwa cha Toten kikiwa ndani yake na mikoko ikiwa pembezoni, bila kupata hata siku moja ya kuitazama ghuba hiyo kutoka juu.

Nilimshukuru, kisha nikamuuliza kama chombo hicho hakihitaji kusajiliwa. Akacheka. "Kaka, hii ina gramu 249. Usajili unaanzia 250." Ili kuniondolea shaka aliwasha video, akaivuta mizani ya kupimia unga iliyokuwa mezani jikoni kwao, akaifuta vumbi la unga kwa kiganja na kuiweka droni juu yake. Tarakimu zilihangaika kidogo, zikatulia kwenye 249. Shemeji alisikika nyuma akisema kwamba anaitaka mizani yake, keki haijapimwa sukari. Mdogo wangu akamwomba subira, akataka kunionyesha pia kinga za plastiki za kuzungushia mapanga ya droni, alizozinunua ili watoto wasije wakakatwa vidole. Alipozipachika zote nne na kuirudisha droni mizanini, namba ikaipita 250 bila kusita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hizo kinga basi ataziacha.

Usiku ule nilikaa kusoma habari za hizo gramu 250, kwa kuwa sikuelewa ni kwa nini gramu moja itenganishe mchezo na sheria. Nilichokuta ni kwamba Marekani ilianza kuwasajili wenye droni ndogo za kujifurahisha mwezi Desemba 2015, kwa ada ya dola 5 inayodumu miaka 3, na kwamba kiwango hicho cha uzito kilipendekezwa na jopo lililopiga hesabu ya nguvu ambayo kitu kikianguka kutoka angani kinaweza kumjeruhi aliye chini. Mrushaji mmoja wa huko alikwenda mahakamani, na Mei 2017 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwamba mamlaka ya anga haikuwa na uwezo wa kuwalazimisha wanaorusha kwa kujifurahisha. Lakini kabla mwaka haujaisha Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyourudisha usajili uleule. Habari hiyo ilinifariji. Kumbe hata waliozitangulia nchi nyingine katika jambo hili walibishana juu ya swali lilelile lililokuwa likinisumbua mtaani kwetu Ngamiani, yaani kama kitu kinachofanana na kichezeo kinastahili kuandikwa katika daftari la ndege.

Niliona pia kwamba namba yenyewe haina utakatifu wowote. Japani ilikuwa na kiwango cha gramu 200, na mwezi Juni mwaka huohuo wa 2022 ilikishusha hadi 100. Uingereza nayo ilimtaka mwenye droni yenye kamera ajiandikishe hata kama uzito wake haufiki 250, isipokuwa kama ni kichezeo hasa. Na hata huko Marekani msamaha wa droni nyepesi ulimhusu anayerusha kwa burudani tu. Ukipokea malipo kwa kazi ya picha zake, inasajiliwa hata ikiwa nyepesi kama kasha la kiberiti.

Hilo la malipo ndilo lililonifanya nimtafute rafiki yangu mpiga picha za harusi, ambaye nilijua kuwa asingeacha kuiulizia droni hiyo mara tu ikitua. Nilimkuta anapanga albamu. Aliposikia, macho yalimng'aa, akaanza kunihesabia harusi za msimu na namna ambavyo tungegawana. Nilipogusia usajili, alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa akalipie kodi kivuli chake. Akasema kwamba watoto wanarusha tiara karibu na uwanja wa Mkwakwani na hakuna anayewadai karatasi, na kwamba ukijiandikisha umejipeleka mwenyewe. Kisha akanipa methali: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Methali ni nzuri, ila aliyekusudiwa hakuwa amelala. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2018 kuhusu ndege zinazoongozwa kutoka mbali, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na mbali na mamlaka hiyo kuna kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, ambacho mtu anatakiwa kukitafuta kabla ya kuiingiza au kuirusha droni, si baada ya kukamatwa nayo. Hesabu ya mdogo wangu ilikuwa sahihi kabisa, lakini ilikuwa sahihi Houston. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi nyingine mwanachama bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo, na kila nchi inajiwekea utaratibu wa anga lake. Mizani ya shemeji haikuwa na la kusema juu ya anga la Tanga.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, nilipita kwa baba mdogo, ambaye alifanya kazi bandarini mpaka alipostaafu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, akanikaribisha kahawa barazani na kunisikiliza bila kunikatiza. Yeye hakuuliza uzito. Aliuliza ningesimama wapi nikiwa nairusha. Nikamwambia Raskazone, ufukweni, ambako upepo wa asubuhi si mkali. Akanyoosha kidole upande wa bandari. "Pale wanapanua gati na kuchimba kina. Ng'ambo, Chongoleani, ndiko linakofikia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda. Na ndege za abiria zinashuka uwanja uleule unaoujua. Wewe utasema unapiga picha mikoko. Atakayeiona juu atajuaje?" Nilijaribu kumweleza kwamba nia yangu ni njema. Akasema nia haina rangi, haionekani kutoka chini. Halafu akacheka na kuniambia kwamba mji huu ulikwisha kushuhudia nyuki wakiwatimua askari wa Kiingereza na wa Kihindi katika vita vya mwaka 1914, kwa hiyo mtu anayeleta kingine kinachovuma hewani ni heri awe na barua mkononi.

Bomba hilo lilinitia fikra zaidi kuliko alivyokusudia. Lina urefu wa kilomita 1,443, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulikuwa umetangazwa Februari ya mwaka ule, na kila mtu mjini alikuwa akizungumzia viwanja na ajira. Katika hali hiyo kamera inayoelea juu ya ghuba, hata ikiwa ya mwalimu, si kichezeo tena. Uzito unapima madhara ya kuanguka kichwani. Haupimi kile ambacho jicho la chombo limekiona kabla ya kuanguka.

Hata hivyo, neno lililonifanya nikate shauri halikutoka kwa baba mdogo. Shangazi alikuwa ndani, mlango umeegeshwa, akitusikiliza muda wote. Akatoka na sinia la kashata na kuuliza swali moja: "Hicho kitu kinaona uani?"

Nyumba zetu za Ngamiani, kama nyumba nyingi za Waswahili, zimegeuzia barabara baraza na kuuficha uani nyuma. Mbele kuna wageni, kahawa na bao. Nyuma kuna jiko, kisima au bomba, kamba ya nguo, na wanawake waliovaa kanga moja kwa sababu ukuta umewasitiri. Ukuta huo umejengwa kuzuia jicho la mpita njia. Hakuna fundi aliyewahi kuombwa akinge jicho linalotoka juu. Nilimjibu shangazi kwamba ndiyo, kinaweza kuona, ingawa mimi nisingekielekeza huko. Akasema ananijua mimi, ila hatamjua mwingine atakayekuwa nacho kesho, wala hatajua ni cha nani.

Nafikiri ndipo usajili ulipoacha kuwa karatasi kwangu. Ndege zinazotua uwanja wetu zimeandikwa herufi mkiani, zikianza na 5H, ambayo ni alama ya Tanzania, na mtu akiwa na malalamiko anaweza kuuliza ile ni ya nani. Mwanamke aliyeko uani anastahili haki hiyohiyo. Kama chombo kina namba, kina mwenyewe. Kama hakina, kinabaki kuwa uvumi unaopita juu ya mapaa. Rafiki yangu mpiga picha angesema kwamba mwizi hajiandikishi, naye angekuwa na hoja, lakini mimi sikuwa nikiamua kwa niaba ya wezi.

Jioni nilimpigia mdogo wangu simu nikamwambia asiifungashe. Nilimweleza kwamba nitaanza na vibali vyote viwili, cha TCAA na cha wizara, na kwamba droni itasafiri baada ya vibali, si pamoja navyo, hata kama itamaanisha kusubiri safari yake nyingine. Alilalamika kwamba mzigo wake utakuwa na nafasi tupu. Nikamwambia aijaze viatu vya watoto. Akauliza afanye nini na droni kwa wakati huo, nikamshauri azifunge kinga zile kwa usalama wa vidole vya wanawe na alipe dola 5 kama watu wengine wa huko. Shemeji alisikika akisema kwamba sasa mizani yake irudi jikoni moja kwa moja.

Nilipompelekea shangazi uamuzi huo, aliuliza kama hao wa serikali watamwarifu siku nitakayoirusha. Nikamjibu kwamba kibali hakifiki huko. Basi, akasema, siku hiyo nimpigie simu mimi mwenyewe, mapema, kabla hajatoka kwenda kuoga.